Kufuatilia Parkinson kwa sauti: jinsi ya kurekodi na kupima usemi wa mgonjwa nyumbani

Mama aliuza samaki soko la Kibuye, Kisumu, kwa miaka 22. Hakuwahi kuwa na bango wala kipaza sauti. Alikuwa na koo. Ukishuka tuktuk kando ya barabara ulimsikia kabla hujamwona. Wateja walipoanza kumwambia, "Mama, hebu sema tena," aliona ni masikio yao. Nyumbani vilevile alituambia tumekuwa viziwi sote kwa mpigo. Mwaka mmoja na nusu baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na hapo ndipo daktari alipotaja Parkinson. Sauti ilikuwa imeanza kabla ya mkono, ila hakuna aliyeiandika popote.

Sasa naiandika. Ni mwaka wa tatu tunarekodi kila Jumamosi asubuhi, chumbani kwake Migosi, kwa simu na rula ya shule. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayekaa na mgonjwa ambaye tayari amepimwa na daktari. Haukusaidii kujua kama mtu ana ugonjwa au hana. Kazi hiyo ni ya daktari wa neva, na yeye hutazama mengi zaidi ya sauti. Unachopata hapa ni njia ya kujua kama hali imesogea tangu kliniki iliyopita, ili ukiulizwa "anaendeleaje?" usibaki kusema "amezidi kidogo."

Kwa nini sauti

Ugonjwa huu unabeba jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeandika juu yake mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kupanga ukubwa na kasi ya mwendo. Seli hizo zikiendelea kufa, kila mwendo hupungua: hatua zinakuwa fupi, mwandiko unanywea, uso unakosa mchezo. Kusema nako ni mwendo. Mbavu, koromeo, ulimi, midomo na taya hupokezana kazi mara kadhaa kwa sekunde moja. Ndiyo maana sauti hushuka, hujaa pumzi au mkwaruzo, kiimbo hulala kama mtu anayesoma orodha, konsonanti huyeyuka, na wakati mwingine maneno hukimbizana mpaka yakaangukiana. Watafiti hukadiria kwamba hadi wagonjwa 9 kati ya 10 hupata shida ya usemi wakati fulani.

Kinachowagombanisha watu nyumbani ni kwamba mgonjwa mwenyewe mara nyingi hasikii tofauti. Ubongo wake umezoea kipimo kipya. Ukimwomba aongeze sauti kidogo, anahisi unamtaka apige kelele mbele za watu. Msibishane. Mkirekodi, naye atasikia.

Wanaokumbuka pambano la Kinshasa la 1974 wanajua mdomo wa Muhammad Ali ulikuwa na kasi kama ngumi zake. Watafiti wa Marekani walichukua mahojiano yake ya televisheni na kuhesabu silabi. Mwaka 1968 alikuwa akitoa silabi kama 4.1 kwa sekunde. Kufikia 1981 zilikuwa kama 3.0. Madaktari walimwambia ana dalili za Parkinson mwaka 1984. Kipimo chenyewe kilikuwa hicho tu, silabi kwa sekunde, na unaweza kukifanya kwa daftari na saa.

Magonjwa mengine ya neva huacha alama zake. Ule uliompata mwanafizikia Stephen Hawking, uitwao ALS, unaoua neva za misuli, hufanya ulimi uwe mzito, sauti itokee puani na kasi ishuke. Katika Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, sauti yaweza kubaki nzuri kabisa ila majina ya vitu yanapotea: "kile kitu," "yule nani," kisha kimya kirefu. Hatua ni zilezile, ila kwa Alzheimer uzito wako uwe kwenye mazungumzo ya bure, si kwenye zoezi la kuvuta "aaa" (yote mawili yako Hatua ya 5).

Hatua ya 1: Omba ruhusa, na uombe kila mara

Sauti ya mgonjwa ni habari ya afya yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Lakini hata bila sheria, huyu ni mzazi wako. Mweleze unarekodi nini, nani atasikia, na kwamba siku yoyote anaweza kukataa. Mama amekataa mara nne, mara hizo daftari lina mstari mtupu na neno "hapana."

Jamaa mmoja wetu aliwahi kutupa rekodi kwenye kundi la familia, kwa nia njema, ili watu wamwombee. Mama alizisikia zikichezwa na mtu asiyemjua vizuri, kwenye mazishi, na mwezi mzima hakutaka kuiona simu. Tangu hapo, ukiacha sentensi chache za mwezi ninazomtumia kaka yangu (Hatua ya 6), faili zinakaa kwenye simu moja na laptopu moja, zote zina nenosiri, na majina ya faili hayana jina lake.

Hatua ya 2: Tafuta sauti ya zamani

Kabla ya kurekodi chochote kipya, chimba. Video ya harusi, ujumbe wa sauti wa miaka iliyopita, kanda ya kwaya, hotuba ya mahari. Hata dakika moja ya sauti yake kabla ya ugonjwa ina thamani, maana ndiyo itakayokuonyesha alikotoka. Usitarajie kupima ukubwa wa sauti hapo, kwa kuwa hujui kipaza sauti kilikuwa wapi. Kasi na kiimbo utavipata. Sisi tulipata video ya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) ya binamu yetu mmoja aliyeoa Nyeri: Mama anabishania idadi ya mbuzi kwa Kiswahili cha sokoni, sekunde 48 safi.

Hatua ya 3: Chumba, simu na rula

Hapa ndipo nilipoteza miezi miwili, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanzoni nilirekodi popote. Leo sebuleni, kesho jikoni, simu mara mkononi mara mezani, na nyingi zilikuwa ujumbe wa WhatsApp. Kisha nikanunua simu mpya. Wiki hiyohiyo sauti ya Mama "ilishuka" vibaya. Nilipanda kliniki kabla ya tarehe, nauli na ada ya kumwona daktari vikaenda, na swali lake la kwanza likawa: "Simu ilikuwa umbali gani?" Sikuwa na jibu. Simu mpya ilikuwa na kichujio cha kelele kilichokula pumzi na konsonanti nyepesi zote. Hakukuwa na ugonjwa uliozidi. Kulikuwa na simu.

Kwa hiyo: simu moja, isiyobadilishwa. Ikiharibika, kwa wiki mbili au tatu za kwanza rekodi kwa mpya huku ukiandika wazi daftarini kwamba ni mpya, na usilinganishe ukubwa wa sauti wa kabla na baada.

Umbali ni sentimita 30, urefu wa rula ya shule, kutoka midomoni hadi kwenye kipaza sauti cha simu, kile kitundu cha chini. Simu isikae mbele ya mdomo moja kwa moja. Iweke pembeni kidogo ili pumzi ya "pa" isiipige. Mimi nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai juu ya stuli, na nimechora alama kwa kalamu ambapo kopo linakaa. Mgonjwa akae kwenye kiti kilekile, mgongo wima.

Chumba kizuri ni cha kulala. Blanketi, godoro na nguo zilizotundikwa humeza mwangwi. Sebule yenye sakafu ya saruji na viti vichache hurudisha kila kitu. Funga dirisha. Zima feni na friji ikiwa iko karibu, na uikumbuke kuiwasha. Kwa Kisumu, asubuhi ndiyo saa yako: mvua za ngurumo hapa hupenda alasiri na jioni, na mvua ikishaanguka juu ya mabati hakuna rekodi tena. Kama jirani ana kinu cha posho, ulizia saa anazosaga.

Programu ya kurekodi iwe inahifadhi faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde. Dakika moja itachukua kama megabaiti 5, si nyingi. Ujumbe wa WhatsApp hubanwa ili upite haraka kwenye mtandao, na vitu vidogo tunavyovitafuta ndivyo vinavyobanwa. Ukitaka kumtumia mtu rekodi, itume kama hati.

Jaribu pia kama simu yako inajiongezea sauti yenyewe. Weka redio isome habari kwa sauti isiyobadilika. Rekodi sekunde 20 simu ikiwa sentimita 30, kisha sekunde 20 ikiwa mita moja. Ukizicheza, ya pili inapaswa kusikika ndogo waziwazi. Zikilingana, simu inakudanganya; zima kipengele hicho kwenye mipangilio ya programu, au tafuta programu nyingine. Ukishindwa, achana na kupima ukubwa wa sauti na ubaki na vipimo vingine. Ni bora kukosa namba kuliko kuwa na namba ya uongo.

Hatua ya 4: Saa ya dawa

Wengi wenye Parkinson hunywa levodopa, kwa kawaida ikiwa imeunganishwa na carbidopa kwenye kidonge kimoja. Ikishafanya kazi mwili hulegea. Ikiisha, ugumu hurudi. Ukirekodi wiki hii saa moja baada ya kidonge na wiki ijayo saa nne baada yake, umerekodi watu wawili tofauti.

Chagua muda mmoja na uushike. Sisi ni saa moja baada ya kidonge cha saa mbili asubuhi. Andika daftarini dakika zilizopita tangu dawa, hata kama ni zilezile kila wiki. Andika na chakula: protini hugombania mlango uleule na levodopa inapopita tumboni kuelekea ubongoni, na kwa nyumba inayokula samaki kama yetu hilo si jambo dogo. Wiki aliyokunywa dawa juu ya kiporo cha mbuta, rekodi ilionyesha hivyo. Usisogeze saa ya dawa kwa sababu ya rekodi. Rekodi ndiyo ifuate dawa.

Safu ya mwisho ya daftari iwe ya mengineyo: mafua, malaria, meno ya bandia hayakuvaliwa, hakulala, alilia matangani, aliimba kanisani siku nzima. Nusu ya "mabadiliko" yote niliyowahi kuyaona yameelezwa na safu hiyo.

Hatua ya 5: Mazoezi manne, kwa mpangilio huu

Yote hayazidi dakika saba. Mpangilio una sababu. Mtu mwenye Parkinson akijua anapimwa, hukusanya nguvu na sauti hupanda, akisahau, hushuka. Kwa hiyo anza na mazungumzo, kabla hajajiandaa.

*Mazungumzo ya bure, dakika mbili.* Washa simu, msalimie, mwulize kitu anachokipenda. Mama huambiwa aeleze jinsi ya kukaanga ngege (tilapia) ili asivunjike, au bei zilivyokuwa zamani. Lugha iwe ile anayoiota. Kwetu ni Dholuo (Kijaluo), na haibadiliki. Mzee aliyekulia Dholuo au Kibukusu ukimlazimisha Kiswahili atasitasita akitafuta neno, na utaandika kusitasita huko kama ugonjwa. Kama unafuatilia kumbukumbu, tumia picha ya kueleza, kwa mfano ya kalenda yenye watu wengi wanaofanya mambo mengi, lakini uwe na picha tatu za kuzungusha, maana picha moja kila wiki hukaririwa.

*Kusoma.* Andika aya moja fupi, kwa herufi kubwa, na usiibadilishe kamwe. Iwe na swali na mshangao ili kiimbo kipate kazi. Yetu niliitunga mwenyewe, na unaweza kuitumia:

"Kila asubuhi Akinyi hupanda pikipiki kwenda Dunga kununua samaki. Akifika, huuliza: 'Ngege ni pesa ngapi leo?' Mvuvi hucheka, hugeuka, kisha hujibu polepole. Bei ikipanda, Akinyi hung'aka: 'Haiwezekani!' Bei ikishuka, hujaza beseni, hufunika kwa gazeti, na kurudi mjini kabla jua halijachoma."

Ina silabi 117. Kiswahili kinatupendelea hapa: kila irabu ni silabi moja, kisha unaongeza zile "m" zinazosimama peke yake kama katika mvuvi na mjini. Asiyesoma ahesabu 1 hadi 30, au ataje siku za juma mara tatu. Haisemi mengi kama kusoma, lakini inalinganishika.

*Pataka.* Avute pumzi, kisha aseme "pataka-pataka-pataka" haraka iwezekanavyo bila kupoteza matamshi, kama sekunde 8. P ni midomo, t ni ncha ya ulimi, k ni mzizi wa ulimi. Unakagua sehemu tatu kwa neno moja lisilo na maana. Wajukuu huanguka kicheko hapa, na Dani wao, yaani bibi yao, hucheka nao. Rekodi iliyoharibiwa na kicheko irudiwe.

*Aaa.* Pumzi kubwa, kisha "aaa" kwa sauti ya kawaida mpaka pumzi iishe. Mara tatu, apumzike katikati. Chukua ndefu kuliko zote.

Hatua ya 6: Kupima kwa sikio, saa na kalamu

Hatua hii peke yake inatosha nyumba nyingi, na sioni aibu kusema ndiyo ninayoiamini zaidi.

Kwa aaa, andika sekunde. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupita 10, na wengi hufika 15 au 20, lakini hilo lisikusumbue. Unamlinganisha na yeye mwenyewe.

Kwa kusoma, pima sekunde kutoka "Kila" hadi "halijachoma." Gawa 117 kwa sekunde hizo. Mama alianza na sekunde 31, yaani silabi 3.8 kwa sekunde. Angalia pande zote mbili: wengine hupungua kasi, wengine huongeza kasi mpaka maneno yakafungana, na namba inayopanda si lazima iwe habari njema.

Kwa pataka, cheza rekodi kwa nusu ya kasi na utie nukta moja kwenye karatasi kwa kila pataka, katika sekunde 5 za katikati (kwa nusu ya kasi zitachukua sekunde 10). Zidisha nukta kwa 3, gawa kwa 5. Wenye afya hufika silabi 5 hadi 7 kwa sekunde. Kisha sikiliza tena bila kuhesabu. Je, "pa" imebaki "pa" au imekuwa "ba"? Inaanza vizuri na kuishia kuwa uji? Hayo andika kwa maneno.

Kipimo kinachonipa habari zaidi kuliko vyote hakihitaji saa. Mara moja kwa mwezi Mama husoma sentensi tano mpya, za maneno sita kila moja, za ajabu kidogo ili mtu asibahatishe: "Mbuzi wa jirani amekula kofia mpya." Namtumia kaka yangu aliye Eldoret rekodi kama hati. Anasikiliza mara moja tu, anaandika alichosikia, ananirudishia. Kati ya maneno 30, mangapi ameyapata? Msikilizaji asiwe mtu wa nyumbani. Mimi sifai tena. Nimemzoea Mama kiasi kwamba namwelewa hata akinong'ona kutoka jikoni, na sikio la namna hiyo haliwezi kuona ugonjwa ukisogea.

Tenganisha ugonjwa na lafudhi. Mama, kama wazee wengi waliokulia Dholuo, husema "samba" akimaanisha shamba. Alisema hivyo akiwa na miaka 20. Haliingii kwenye makosa. Kwa sababu hiyohiyo kuwa mwangalifu na programu za simu zinazokupa alama ya hatari baada ya kusema sentensi mbili. Nyingi zilifunzwa kwa sauti za Waingereza na Wamarekani, nazo haziwezi kujua kama mtu ana Parkinson au anatoka Seme.

Hatua ya 7: Ukiwa na laptopu

Kuna programu ya bure iitwayo Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ndiyo watafiti wengi wa sauti duniani wanayoitumia, na inakubali hata kwenye laptopu kuukuu. Sura yake ni ya kizamani, vumilia.

Fungua faili ya WAV, utaona mawimbi ya sauti juu na picha ya kijivu chini, na mstari wa samawati unaoonyesha kidatu, yaani juu na chini ya sauti. Kwanza weka mipaka ya kidatu: hertz 75 hadi 300 kwa mwanamume, 100 hadi 500 kwa mwanamke. Usiibadilishe tena, maana ukiibadilisha namba zote hubadilika.

Kwenye kusoma, chagua aya nzima na uombe ripoti ya sauti ("Voice report"). Unachotaka ni mtawanyiko wa kidatu ("standard deviation"): mstari unaopanda kwenye "ngapi leo" na "Haiwezekani" una mtawanyiko mkubwa, na uliolala una mdogo. Kisha hesabu vituo vya kimya vinavyozidi robo sekunde, ujumlishe urefu wake.

Kwenye aaa, chagua sekunde 3 za katikati, ukiacha mwanzo na mwisho ambako sauti bado inatulia au inaisha. Ripoti itakupa jitter, ambayo ni mtikisiko wa kidatu kati ya wimbi moja na linalofuata, na shimmer, ambayo ni mtikisiko wa ukubwa wake. Itakupa pia uwiano wa sauti safi kwa kelele: desibeli 20 maana yake asilimia 99 ya nguvu ni sauti safi, na koo lenye pumzi nyingi hushuka chini ya hapo. Namba hizi zinavutia macho, nami nilizipenda sana mwanzoni. Lakini kuku mmoja nje ya dirisha anatosha kuzivuruga. Siku hizi naziandika tu, sizifanyii uamuzi.

Hatua ya 8: Kusoma daftari

Wiki ya kwanza rekodi siku tatu tofauti, si moja. Aaa ya Mama ilikuwa sekunde 9, kisha 12, kisha 10. Ugonjwa haukuruka na kurudi ndani ya siku tano. Huo ndio mchezo wake wa kawaida. Kwa hiyo Jumamosi akipata 8, sipigi simu kwa mtu. Akipata chini ya 9 Jumamosi tatu mfululizo, na safu ya mengineyo haina mafua wala malaria, na kusoma kumekwenda upande uleule, hapo napiga. Chora grafu kwenye karatasi ya miraba ya hesabu za shule. Jicho huona mteremko ambao orodha ya namba inauficha.

Mambo mawili hayangoji Jumamosi. Usemi ukiharibika ghafla, kwa dakika au saa, hasa mdomo ukipinda upande au mkono mmoja ukilegea, huo waweza kuwa kiharusi: hospitali sasa hivi, kwa usafiri wowote ulio karibu. Na sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, au akikohoa kila anapokunywa chai, kumeza kumeathirika na kinywaji kinaweza kuwa kinaingia kwenye njia ya hewa. Mwambie daktari bila kuchelewa, na akiwa na homa au kifua kinabana, mpeleke siku hiyo.

Ukifika kwa daktari

Usimpelekee faili 40. Peleka ukurasa mmoja wenye grafu mbili, ya sekunde za kusoma na ya maneno yaliyosikika kati ya 30, na rekodi mbili za nusu dakika: ya kwanza kabisa na ya mwisho, aya ileile. Pakia kwenye simu kabla, ukiwa na visikilizio, kwa sababu korido ya kliniki haina utulivu.

Daktari wetu alisikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili, akairudia ya pili. Kisha akauliza kidonge kilinywewa saa ngapi kwenye kila moja, na safari hii nilikuwa na jibu. Mkono wa Mama ulikuwa umetulia vizuri kwa dawa. Sauti haikuwa imefuata. Hilo hutokea sana, levodopa husaidia miguu na mikono kwa uhakika kuliko inavyosaidia usemi. Hakuongeza kipimo. Aliandika barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya usemi.

Wataalamu hao si wengi upande wetu huu. Anza kuulizia kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, iwe Jaramogi hapa Kisumu, ambayo wazee bado huiita Russia, au Moi kule Eldoret, na uliza pia kama wanakubali vipindi kwa simu ya video. Tiba inayojulikana zaidi kwa sauti ya Parkinson, iitwayo LSVT LOUD, ni siku nne kwa wiki kwa wiki nne, saa moja kila kipindi, na kiini chake ni kitu kimoja: sauti kubwa, kila sentensi, mpaka ubongo ukubali kwamba hiyo ndiyo kawaida.

Mtaalamu alimwomba Mama ataje maneno kumi anayoyasema kila siku, ya kufanyia mazoezi. Tisa yalikuwa ya nyumbani. La kumi lilikuwa lile la Kibuye, "Rech manyien!" yaani "Samaki wapya!" Alilisema mara ya kwanza kwa sauti ya kuomba chumvi. Mtaalamu akarudi nyuma hadi mlangoni, akamwambia mteja yuko huku.

Siku tiba inapoanza, piga mstari mwekundu wa wima kwenye grafu na uandike tarehe. Fanya hivyo pia kipimo cha dawa kikibadilishwa. Grafu yetu ina mistari miwili sasa, na Jumamosi iliyopita kaka yangu alipata maneno 26.